Mafuta ya Kukamulia

Nyabuto aliposafiri kwenda Ulaya kushindana katika mbio ndefu za milimani, mama yake, Mokeira, alimtilia mkobani kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kijijini kwao, karibu na Ogembo, watu huyapaka mikononi na miguuni asubuhi za baridi kabla ya kwenda kuchuma chai.

"Barafu isikuguse," alimwambia.

Nyabuto akajipaka bila ubahili. Njia yote ilikuwa theluji, na mawe yaliteleza kama sabuni. Miguu ilimuuma sana, kisha kwenye mlima wa pili ikaacha kuuma. Akamshukuru mama moyoni, akaongeza mwendo. Kumbe miguu ilikuwa inakufa. Daktari hakumung'unya maneno: mafuta hayazuii baridi ya namna ile, humdanganya mtu tu. Wakamkata vidole vyote vya mguu wa kushoto.

Sasa anachechemea shambani na kikapu cha chai mgongoni. Vijana aliokuwa akikimbia nao wakipita barabarani, yeye huinamia majani kana kwamba hajawasikia.

Mvua ya mawe ikinyesha, mguu humsumbua. Hapo Mokeira huleta kopo la mafuta yaleyale, hupiga magoti, akampaka taratibu pale vidole vilipokuwa.

"Ungejipaka vizuri, mwanangu," husema.

Nyabuto humwachia mguu.

"Ni kweli, mama," hujibu. "Nilijipaka kidogo."