Jina Alilobaki Nalo Kasuku

Karanga mbichi zikitafunwa hutoa harufu ya udongo na maziwa, na mimi hadi leo nikiisikia nakunja uso. Wajukuu zangu hudhani sizipendi karanga. Nazipenda sana. Ninachokikumbuka ni kinywa cha kaka yangu, kimejaa karanga alizozisaga kwa meno mpaka zikawa uji, na kasuku akiingiza mdomo humo kujilia, huku mimi nimekaa kando juu ya kinu kilicholazwa, wivu umenifika kooni. Niseme mapema ili tuelewane: mimi ni mtu wa wivu. Wengine huzaliwa na baka shavuni, mimi nilizaliwa na huo.

Ilikuwa miaka ya sitini, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Mikindani. Baba alikuwa na mikorosho na shamba la muhogo. Kulikuwa na mzee mmoja, Atanasi, aliyevuka Ruvuma na familia yake kutoka Msumbiji, naye alikuwa akipita kwetu kuuza mikeka. Siku hiyo alikuja na tenga. Ndani mlikuwa na makinda matatu ya kasuku, wale wa kwetu wa kijani wenye kichwa cha rangi ya kahawia, wananuka majani makavu na kinyesi, wanapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta.

"Chilumba, chagua mmoja," baba akamwambia kaka.

Hakusema "Somoe." Kaka alikuwa na miaka kumi, mwakani angeingia jandoni, basi kila mtu alikuwa akimpa utoto wake wa mwisho kwa vijiko vikubwa. Mimi wa miaka minane sikuwa naelekea popote. Hata hivyo nilikwishachagua. Nilimtaka yule wa pembeni, mwenye shingo isiyo na manyoya, aliyekuwa amejificha chini ya wenzake. Kaka akaingiza kidole tengani, kinda mmoja mnene akamng'ata mpaka damu ikatoka. Kaka akacheka.

"Huyu," akasema. "Huyu hataki ujinga."

Baba akampimia Mzee Atanasi makopa ya muhogo, na kinda wangu akaenda zake Mikindani kutafutiwa mtu mwingine. Nililia, nikasingizia moshi wa jikoni.

Tulimwita ndege Bwana Shauri, kwa sababu alitembea ametunisha kifua, akikagua ua kana kwamba sote tumekosea jambo. Kaka alimlea kwa kinywa. Alimbeba ndani ya shati, akaenda naye shambani, akarudi naye, na yule ndege alipoota manyoya akawa anakaa begani na kumchambua kaka nywele moja moja, kwa utulivu, akimung'unya sikio lake. Mimi nikinyoosha kidole, ananing'ata. Nikileta uwele, anaumwaga. Kaka anacheka tena.

Kabla ya Bwana Shauri, mimi ndiye niliyekuwa mkia wa kaka. Mimi ndiye niliyefundishwa kupiga mluzi kwa jani, mimi ndiye niliyepandishwa mabegani kuchuma mabibo ya juu. Sasa mabega yalikuwa na mwenyewe. Nilimwonea kaka wivu kwa kuwa na ndege, na nilimwonea ndege wivu kwa kuwa na kaka, na sikujua wivu upi ulikuwa ukiniuma zaidi. Niliomba paka wa jirani apite. Nasema kweli, niliomba.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha, likumbi ikajengwa porini. Ndiyo kambi ya jando, na mwanamke hasogei huko, mkubwa kwa mdogo. Mvulana huingia na jina lake, akitoka ana jingine, na lile la kwanza limebaki hukohuko. Ukimwita kwa lile la zamani umemtukana, na umemtukana mbele za watu. Hili tulilijua sote kama tunavyojua moto unaunguza. Asubuhi ile mama alimwogesha kaka mwenyewe, polepole, kama mtu anayeosha chombo cha kuazima. Kaka akanivuta pembeni.

"Mpe chakula, basi," akaniambia. "Usimzoeze mkono wako."

"Nitamzoezea nini? Kwanza ananuka," nikamjibu.

Vumbi la miguu yao halijatua nilikuwa nimeshajaza karanga mdomoni.

Bwana Shauri hakutaka. Siku tatu alikaa amevimbisha manyoya juu ya mti wa kuanikia nguo, akiangalia njia. Nilimsogezea kinywa, akaning'ata mdomo wa chini, alama ninayo. Lakini njaa haina kaka. Siku ya nne, jua limesimama, alishuka, akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akala. Ulimi wake ulikuwa mkavu, mnene, wa moto. Wiki ya pili alikuwa begani kwangu. Wiki ya tatu alianza kunichambua nywele, nami nikafumba macho kwa raha ya mwizi. Kaka amekwisha, nilijiambia.

Nikataka na jina. Kila nikimlisha namwambia, "Somoe, Somoe, sema Somoe." Ananitazama tu. Kitu kimoja kilinikera: asubuhi nikirudi na ndoo kutoka kisimani namkuta kwa mama, nyuma ya nyumba, amekaa karibu na kinu. Mama anatwanga, ndege anasikiliza. Mama akiniona husema, "Haya, mchukue mtu wako." Nilimchukua, nikamwongezea karanga ili asizoee kwa watu.

Likumbi ikavunjwa, vijana wakatoka. Vichwa vimenyolewa, miili inang'aa mafuta, wamefunikwa kanga mpya, ngoma inapigwa mpaka inasikika tumboni. Kaka sasa alikuwa Issa. Alikalishwa kwenye mkeka uani kwetu, macho chini, kama ilivyo desturi, na watu wakipita wakiweka zawadi: mashati, kofia, kuku waliofungwa miguu. Nilimtazama nikaona wivu wangu umerudi wote, mpya kama nguo zake. Nikatamani Bwana Shauri aje atue begani kwangu mbele yake, aone.

Akaja. Lakini hakutua kwangu. Alishuka kutoka pembe ya paa, akatembea juu ya mkeka ametunisha kifua, akasimama mbele ya magoti ya kaka.

"Chiluuumba!" akaita. "We Chilumba! Uje ule!"

Vigelegele vikakatika. Mtoto mmoja akacheka, akazabwa kofi. Ndege, kwa kuona watu wametulia, akarudia, safi kabisa, na ile "lu" ikivutwa namna ileile ilivyokuwa ikivutwa kila siku kutoka mlango wa jikoni kwetu. Ilikuwa sauti ya mama. Hata kikohozi kidogo cha mbele kilikuwamo.

Mjomba akasimama. Kwetu mjomba akisimama, baba hukaa.

"Nani kamfundisha ndege huyu matusi?"

Watu hawakuhitaji kutafuta sana. Kijiji kizima kilijua nani alimlisha, na kijiji kizima kilijua nilivyokuwa. Nikahisi macho yote yamenigeukia. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama, ananyoosha ukingo wa mkeka uliokuwa umenyooka.

"Si mimi, mjomba! Ni—"

"Somoe," mama akasema, bila kuinua uso. "Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza. Mpaka leo sijui nilinyamaza kwa utii au kwa mshangao.

"Achinjwe," mjomba akasema.

Hapo kaka akainua macho, jambo ambalo hakupaswa kufanya. "Asichinjwe," akasema. "Mpeni Somoe. Mimi sina ndege."

Basi ndivyo nilivyompata Bwana Shauri. Nilimpata pamoja na makofi mawili ya mjomba na uwele wa wageni wote kuutwanga peke yangu, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wasichana wenzangu waliniimba kisimani mwaka mzima. Kaka naye akawa akipita uani anaangalia mbele tu. Ndege anamkimbilia kwa vile vimiguu vyake, anaita jina lile, yeye anaongeza mwendo. Hatukuzungumza vizuri tena mpaka tulipokuwa watu wazima. Nilikuwa na ndege, sikuwa na kaka, na huyo ndege hakuwahi hata siku moja kusema Somoe.

Mama hakumnyamazisha kamwe. Ndege akiita asubuhi, mama husimamisha mchi, humtupia punje, kisha huendelea kutwanga. Niliona, nikakasirika, nikamwonea wivu na yeye. Kwamba ameniacha nipigwe, na bado anamlisha ndege wangu! Baada ya mvua kadhaa, kundi la kasuku wa porini lilipita kwenye mikuyu, Bwana Shauri akaruka nalo. Siku hiyo mama hakutwanga.

Miaka mingi baadaye, mama ameshafariki, nilikwenda kumtembelea Issa nyumbani kwake Shangani. Nikaamua kulitoa lililonikaa. Nikamweleza ilikuwa sauti ya nani. Akaendelea kumenya chungwa lake.

"Kwani ulidhani mimi siijui sauti ya mama?"

"Ulijua? Ukaniacha nipigwe?"

"Ningesemaje, Somoe? Mbele ya mjomba, mbele ya ngoma nzima, niseme aliyenitukana ni mama yangu mzazi? Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto akikosea, kesho yake watu wamesahau."

Nilimwambia sijasahau, nikabeba mkoba wangu, na sikurudi Shangani miezi mitatu. Hasira yangu nayo ina haki yake. Lakini nyumbani nilianza kuuona ule ua mtupu wa asubuhi, baba yuko shambani, mimi niko kisimani, na mwanamke ameshika mchi. Miaka kumi na moja ameita jina moja, sasa wamemwambia limekwisha. Hakukusudia kumfundisha mtu. Aliita tu, kwa mara chache zilizobaki, na aliyekuja alikuwa ndege.

Hilo nalo nilikuwa nalijua kwa akili tu. Kisha mwanangu wa pekee akaenda jandoni, akarudi Hamisi, mrefu, mpole, ananisalimia kwa adabu ya mgeni. Nilikuwa mwangalifu kwa wiki nyingi. Asubuhi moja nikapakua uji, nikauona unapoa, nikaliita jina lake la zamani kwa sauti, nikilivuta. Alikuwa amesimama mlangoni na rafiki zake wawili, wote wananitazama. Nikageuka nyuma yangu kutafuta wa kumsingizia, na nyumbani mle hamkuwa na ndege wala binti.