Madirisha ya Blandine na Macho ya Foleni

Jambo la kwanza mtu analoliona kwa Blandine ni kwamba hagusi kipanya. Anabonyeza vitufe viwili tu, na madirisha yote kwenye kompyuta yake ya Linux yanahama yenyewe, kila moja mahali pake. Maagizo ameyaandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na anayatunza kama wengine wanavyotunza bustani.

Ofisi yake ya kuandikia watu barua iko mtaa wa Manika. Ina skrini mbili: moja yake, nyingine imegeuziwa mteja, maana huku hakuna anayekubali barua yake iandikwe bila yeye kuiona. Sasa mgodi wa jirani unapanuka, na mtaa mzima umeambiwa uhame. Kila familia ilitakiwa kupeleka orodha ya mali yake kwenye tume ya fidia kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyepeleka ataondoka mikono mitupu. Familia kumi na tisa, ya Blandine ikiwemo, zilimtegemea yeye.

Jumatano, kwa haraka, aliongeza agizo: kila dirisha jipya liende kwenye skrini ya mteja. Aliyeketi pale alikuwa Mama Tshibola. Blandine akafungua orodha ya Tata Kalumba, mzee aliyekuwa kwenye foleni, ili anakili anwani ya tume, nayo ikatokea mbele ya foleni nzima, miti yake ya parachichi juu kabisa.

"Miti kumi na moja ya avoka?" Mama Tshibola akasoma. "Tata Kalumba, mi nakaa nyuma ya kwako. Niko naona mumoja tu."

Watu wakaangua kicheko. Kalumba hakucheka.

"Blandine, unavula batu nguo mbele ya bengine," alisema, akikusanya karatasi zake. Wengine nao wakaanza kukusanya zao.

Blandine akamzuia kwa mkono. "Tata, ikala kwanza."

Akalibadilisha agizo pale pale: kila dirisha lisomwe jina kwanza, lisilo la familia iliyoketi lijifiche. Kisha akamwomba Mama Tshibola ampishe Kalumba kitini, akaandika jina la mzee, akamsogezea kibodi.

"Jaribu mwenyewe, tata. Fungua ya mutu yeyote."

Kalumba, kwa kidole kimoja, akafungua ya Mama Tshibola. Skrini ikabaki tupu. Akajaribu ya Mwenze, fundi viatu: tupu. Akafungua yake, ikaja.

"Sawa," akasema. "Andika avoka mbili."

"Mbili?" akauliza Mama Tshibola.

"Ya pili ingali ndogo, mama. Weye hauwezi kuiona."

Wote wakarudi kwenye foleni.

Ijumaa saa tano na nusu orodha kumi na tisa zilikuwa mezani kwa tume. Majina ya waliokubaliwa yatabandikwa Jumatatu ukutani kwa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Mama Tshibola ameshapatana na dereva wa taxi-moto, pikipiki ya kukodi, awachukue wote wawili alfajiri hiyo, na Blandine, atakayekaa nyuma ya mama huyo, tangu jana anauliza kila mtu komini inafunguliwa saa ngapi.