Dubu Ambaye Hakula Mbuzi wa Mtu

Niliipenda ile ramani, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wiki sita nzima nilikuwa nikitoka kazini ghalani, nakaa jikoni kwetu Saltley, hapa Birmingham, hata jaketi sijavua, napaka rangi karatasi nilizochapisha maktaba na kuziunganisha kwa selotepu. Kijani ni ardhi ya umma. Nyeupe ni ya wenyewe.

Ramani ilikuwa ya abti. Ndivyo tunavyomwita mjomba, ndugu wa mama, aliyefika Amerika kama mkimbizi, sasa dereva wa malori huko, upande wa milima. Alitaka kuwinda dubu mweusi likizo yake ikifika, akanialika. "Njoo, tikiti ni juu yangu. Wewe nitafutie pa kuingilia tu, macho yako bado mapya." Shule niliachia njiani, lakini ramani naielewa, na Amerika nimeiota tangu niko mdogo Isiolo. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Kumbe ardhi ya umma ya huko imetawanyika kama ubao wa drafti: kipande hapa, kipande kule, katikati shamba la tajiri na seng'enge yake. Vipande vingine ni vya umma lakini umma hauwezi kuvifikia, labda uote mabawa. Nilichemka kazini siku hiyo. Ardhi ni yako, halafu huruhusiwi kuikanyaga? Wenzangu wakaniambia nile chapati yangu, hiyo ardhi si ya Birmingham.

Hata hivyo nilipata kipande kimoja kizuri, kina bonde na kijito, na ukanda mwembamba wa kijani unaofika mpaka barabarani, kando ya daraja. Bila kuikuza ramani ya mtandaoni mpaka mwisho, huuoni. Nilimwambia abti bonde lilipo na kwamba njia ipo, nitamwonyesha kwenye ramani ikiisha. Nilisoma pia dubu anakula nini, ili nijue atakuwa wapi: matunda ya porini, njugu za mialoni, siafu. Kwenye video moja niliona mmoja akijikuna mgongo kwenye mti, amefumba macho kabisa, kama mzee aliyetoka kuoga.

Jumapili moja alasiri tulimpigia abti, simu iko kwenye spika, mama anakata vitunguu. Mama hakuwa na neno na safari yangu. Kwetu wanaume hutoka kumsaka fisi, na hutoka kwa sababu fisi ameingia zizini. Mimi na yeye tulichukulia tu kwamba huyo dubu naye ana kesi.

"Amekula mbuzi wa nani?" mama akauliza.

"Nani?"

"Dubu."

Abti alicheka mpaka akakohoa. "Hajala mbuzi wa mtu, dada. Huku ni mchezo. Unampiga, unapiga naye picha, ngozi unaweka ukutani."

"Na nyama?" nikauliza mimi.

"Si ana chonge yule, ni haramu, utamla vipi? Nitampa mwenzangu wa kazini, akiitaka."

Mama aliweka kisu chini. "Mchezo," akasema, na hakuongeza kitu.

Mimi niliongeza. "Abti, wewe umetoka nyumba ya wafugaji. Hata mbuzi wa Idi tulifundishwa asikione kisu. Huyu hajakukosea, na humli."

"Sikiliza huyu mtoto wa Birmingham. Juzi tu umekula mguu wa mbuzi hapo Alum Rock. Mbuzi huyo alijiua mwenyewe?"

"Tulimla, abti."

"Basi tuma ramani, mahubiri baki nayo."

"Ramani situmi."

Akasema kwa upole kabisa kwamba bila ramani hakuna tikiti. Nikasema sawa. Nikaenda bafuni nikafungulia maji, mama asinisikie nikilia.

Msimu ulipofunguliwa alienda na rafiki yake. Nilijua kwa sababu alinipigia Jumamosi alasiri, kwake asubuhi, mimi niko kwa kinyozi nangoja zamu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Niko kwenye seng'enge," alisema. "Kijito nakiona kwa macho yangu. Ulisema njia ipo. Iko wapi?"

Kwa alivyonieleza alipo, daraja lilikuwa maili moja tu kaskazini yake. Miti ya lile bonde nilikuwa naijua kuliko miti ya mtaa wetu.

"Umesahau?"

"Nakumbuka."

"Basi sema."

"Sisemi, abti."

Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia mkubwa namna hiyo, tena watu wamejaa. Lakini nilikuwa nimekasirika kweli. Mtu mzima amevuka jangwa na bahari kutafuta usalama, sasa amesimama mlangoni kwa kiumbe mwenzake na bunduki, ananiuliza mimi mlango unafunguka wapi.

Aliniambia sina adabu, na kwamba atamwambia mama.

Nikamwambia mama yuko nyumbani, ampigie.