Matière ya Kalasi ya Tatu

Baba yangu alikuwa anapenda mawe kuliko alivyopenda watu wengi, na sioni haya kulisema. Kwetu Kimemi, mtaa wa Butembo, jirani mmoja alikuwa na mbuzi, mwingine alikuwa na duka. Sisi tulikuwa na mawe. Yalikaa chini ya kitanda, juu ya kabati, hata ndani ya ndoo ambayo mama alikuwa anaitafuta achotee maji. Mama alizaliwa Masereka, kijijini, katikati ya viazi na vitunguu vya poireaux. Alikuwa anasema kwamba aliolewa mjini ili ayakimbie mawe ya shamba la baba yake, kumbe yalikuwa yanamngoja kwa bwana.

Baba alikuwa mwalimu wa jografia katika shule ya sekondari ya mapadri. Kila vakansi kubwa alikuwa anaenda kwenye mgodi wa zamani, magharibi ya Lubero, ambako Wabelgiji walichimba wolfram na bati, kisha wakaondoka na kuacha mashimo, vipande vya reli vyenye kutu na malundo ya mawe waliyoyatupa. Baba hakuwa anaingia ndani ya mashimo. Alikuwa anapekua yale malundo tu, ameinama tangu asubuhi, na jasho likimtoka puani. Magoti yake yalipoanza kumsumbua, mama alikataa aende peke yake, basi mimi nikawa wa kumsindikiza. Nilikuwa nimemaliza masomo, nilikuwa tayari nafundisha shule ya msingi, lakini kwake nilibaki mwanafunzi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliokota jiwe, akalipima uzito mkononi na macho akiyafumba. Akaliosha mtoni. Kisha akalisugua kwenye kitako cha kikombe kilichovunjika, pale chini pasipong'aa, akaangalia rangi ya mstari unaobaki. Likimpendeza, alilifunga ndani ya jani kavu la mgomba na kulilaza ndani ya carton ya sabuni, kama mtu anayepanga mayai. Nikikosea jina la jiwe hakuwa ananifokea. Alikuwa anasema tu, "Hapana, mwali," yaani binti yangu, na kueleza tena tangu mwanzo. Ah, ilikuwa inaniudhi! Alikuwa anamsahihisha kila mtu, hata padri katikati ya mahubiri. Alikuwa anamnong'oneza mama, na benchi zima linasikia.

Kisha vita ya pili ilituingilia, na coltan, madini meusi wanayotengenezea simu, ikapanda bei. Walimu waliacha chaki na kwenda msituni kuchimba. Wauza nguo wakageukia kuuza mizani. Na neno moja la Kifaransa likahama nyumba. Kwetu sisi walimu, matière ni somo, ni yale ambayo mwalimu anapaswa kuyamaliza kabla ya mitihani. Wachimbaji wakaanza kuita coltan matière. Sokoni watu walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini: uko na matière? Na aliyejibu ndiyo, wenye bunduki walimfuata mpaka nyumbani. Kila mtu Butembo alilijua hilo. Baba naye bila shaka alilisikia, mais alilidharau. Kwake neno lilikuwa na maana moja, ile ya shuleni.

Mwaka ule askari wa waasi walilala ndani ya shule ya baba. Walipoondoka, baba alikuta wamechoma madawati, na mawe yake ya miaka yote, aliyokuwa ameyahamishia kule, wameyafanya mafiga ya kupikia. Mengine yalipasuka kwa moto, mengine hayakuonekana tena. Hakulia. Alisema kalasi ya tatu haiwezi kujifunza mawe kwa kuchorewa ubaoni, donc atarudi mgodini. Mama alikataa waziwazi, mbele yangu, jambo ambalo hakuwa analifanya. Alimwambia kwamba siku hizi kwenye njia ile mtu anauawa kwa ajili ya simu, sembuse mawe. Baba alifunga viatu vyake. Mimi nilimfuata kwa sababu mama aliniangalia.

Kule mgodini hapana aliyetugusa. Wachimbaji wachache waliokuwa mashimoni walimcheka mzee anayeokota takataka za wazungu, wakatuachia hata mawe waliyoyatupa wenyewe. Tulijaza carton, tukashuka na lori la mbao. Karibu kuingia Butembo kulikuwa na kizuizi, mti wa mwanzi uliolazwa juu ya vikopo viwili, na askari wakatuteremsha. Mmoja, kijana mwenye macho mekundu, aliuliza iko nini mu carton.

Baba alijibu kwa fahari, jinsi anavyojibu mkaguzi wa shule: "Ni matière ya kalasi ya tatu."

Yule askari aliinamia carton. Halafu akauliza: "Na ile ya kalasi ya kwanza uliiacha wapi?"

Ningecheka, kama mahali pangekuwa pengine. Baba hakuelewa kwamba mwenzake anauliza coltan ya daraja la kwanza. Alianza kumweleza kwamba kalasi ya kwanza hawasomi mawe, wanasoma mito na milima. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni kabla hajafika kwenye milima. Walimpakia kwenye gari yao pamoja na carton, na mimi wakanisukuma kando ya barabara nikabaki na kikapu cha chakula.

Tulisikia kwamba wamempeleka Beni, kwa wakubwa wao. Mama alipakia gunia la viazi, tukapanda gari. Vumbi jekundu lilimkaa usoni na hakulipanguza.

Walikuwa wanawaweka watu ndani ya depot ya zamani ya kahawa. Komanda hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mbali, upande wa mto mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Lingala. Shingoni alikuwa na rozari. Alipokea viazi vya mama kwa heshima, akamwita "mama na biso", mama yetu, akatuingiza. Mawe ya baba yalikuwa yamepangwa mezani, bila majani yake. Baba aliletwa bila viatu, bila mkanda, akishika suruali kwa mkono mmoja. Mdomo ulikuwa umevimba. Alipotuona aliona haya.

Komanda alitueleza mambo polepole, kama mtu aliyechoka. Alisema kama hii ni coltan, basi papa huyu ni mwizi mdogo kama wezi wengine: carton inabaki, papa anarudi nyumbani na bibi yake, kesi imekwisha. Lakini tangu jana papa anakaza kwamba hapana coltan hata moja. Sasa mtu mzima anatembea na majiwe ya bure kutoka mgodini kwa nini? Huyo ni mpelelezi, anapima mahali kwa ajili ya maadui. Na mpelelezi, alisema, hapana kurudi nyumba.

Nilielewa mara moja. Alikuwa anatufungulia mlango. Mama naye alielewa. Nilisikia pumzi yake.

Komanda alinigeukia. "Weye ulikuwa naye. Sema. Iko matière, ao hapana?"

"Iko, komanda," nilisema. Nilinyoosha kidole kwenye jiwe jeusi, refu, linalong'aa. "Hii ya nyeusi njo matière."

Na baba, Mungu wangu, baba alitikisa kichwa.

"Hapana, mwali," alisema. "Hiyo ni tourmaline. Angalia mistari yake. Tena ni nyepesi. Coltan iko nzito."

Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu, na mguu wake ulikuwa mtupu. Aliniangalia kwa mshangao, akachukua lile jiwe mezani, akamwekea komanda mkononi ili ajionee uzito, akamweleza habari ya kitako cha kikombe. Alieleza vizuri sana. Mdomo ulikuwa unatoka damu, naye anafundisha.

Komanda alilipima jiwe. Alivuta mtoto wa meza, akatoa kokoto nyeusi ndani ya kitambaa, akamwomba baba azitenganishe. Baba alizitenganisha kwa vidole, hii ndiyo, hii hapana, hii ndiyo, na suruali ilikuwa inamteremka. Kumbe wachimbaji wao walikuwa wanawachanganyia tourmaline kila siku, na wao hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha.

Komanda alicheka, mara ya kwanza. "Huyu papa hapana jua kudanganya, hata kwa kujiponyesha," alimwambia mama. "Huyu tunabaki naye."

Walimrudishia viatu. Walimpandisha gari njia ya Mbau, kuelekea msitu ambako watu wao walikuwa wanachimba. Alimwomba mama amwambie préfet, mkubwa wa shule, atafute mtu wa kuanza na kalasi ya tatu. Mimi sikumuaga. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Mwanamke anayeuza ndizi Mbau alikuwa anamwona akipita garini, juu ya magunia, na alituambia kwamba askari walikuwa wanamwita Prof. Kisha mvua kubwa ilinyesha, na udongo uliangukia shimo ambamo walikuwa wamemteremsha aangalie coltan pale pale inapotoka. Hawakumchimbua. Walisema udongo ulikuwa mwingi.

Tulifanya matanga bila mwili. Padri alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kweli. Préfet alisema vilevile. Wanafunzi wake walisema hakudanganya hata siku moja, na wakalia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kando ya mama, na nilitaka kuwafukuza wote kiwanjani kwetu. Mama alinishika mkono.

"Kama ningeolewa na muongo," aliniambia polepole, "saa hii angekuwa hapa anakunywa chai."

Kisha akaachia mkono wangu, na watu wakaendelea kumsifu.