Simba Nyuma ya Boma Letu

Asubuhi ile gari la watalii lilisimama nyuma ya boma letu, karibu na Kisaju. Simba jike alikuwa amelala mbali kidogo chini ya mgunga, ameshiba ndama wa mama baada ya kumnyakua zizini usiku. Watalii walipiga picha wakicheka. Mama akaenda kusimama mbele ya gari.

"Mama, songa kidogo, unaziba simba," dereva alisema.

"Pigeni na hii," mama akajibu, akatupa mguu uliobaki wa yule ndama juu ya boneti.

Dereva alishuka akitukana. Nilishika rungu, akarudi ndani. Mtalii mmoja alianza kulia, na hata machozi yake niliyachukia. Walipoondoka, mama aliketi palepale mavumbini.