Ethi ya Nyumba Niliyomfungia Maksai

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na majirani, maana wao wanaongeza chumvi na hili halihitaji chumvi: mimi, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, niliyezoea kugombeza watu wazima barabarani, nilidhaniwa mchawi nyumbani kwangu mbele ya wakwe, na nilipojisafisha uchawi nikabaki na jina baya zaidi.

Umeme ulipofika kwetu huku nje ya Dutwa, fundi Doto (ana leseni, alinionyesha, nikaishika juu chini kwa kuwa shule niliishia darasa la pili) alitandaza nyaya nyumba nzima, akamalizia kwa kugongomea nondo ndefu ya shaba nyuma ya nyumba na kuifunga waya wa kijani. Akaniambia, "Bibi, hii ndiyo ethi. Umeme ukivuja kwenye chombo unakimbilia ardhini na breka inakata umeme. Usiiguse." Nikaitikia. Mkaguzi akaja, akapima, akaridhika, akaenda zake.

Sasa nondo nzuri namna ile imekaa tu, haiwashi taa, haichemshi chai, na maksai wangu kila wiki anang'oa vigingi vya miti kwa sababu mchwa wamevila (anayelima kwa ng'ombe anajua uchungu wa kumkuta maksai kwenye mahindi ya jirani). Nikajiambia mkaguzi ameshapita, nani atauliza? Nikafungua ule waya, nikalowesha udongo, nikamfunga maksai mwenyewe akaivuta, nikaipigilia zizini. Akatulia. Nikajiona fundi kuliko fundi.

Kabula, mjukuu niliyemlea tangu mama yake afariki, akapata mchumba wa Migato, na wazee wa kijana wakaleta taarifa kwamba wanakuja kujitambulisha. Mtoto hali, halali. "Bibi, siku hiyo punguza ukali," aliniomba, "nakuomba hilo moja tu." Ukali niliupunguza. Nikaazima na friji ya binti yangu wa Bariadi mjini ili wageni wanywe soda ya baridi.

Wakafika mvua imenyesha, miguu tope tupu, Kabula akawanawisha mlangoni kwa heshima, wakaingia peku kwenye sakafu ya saruji. "Mwangaluka mayu," wakaniamkia Kisukuma, mayu yaani mama, tukaongea vizuri mno, mpaka shangazi wa kijana, mama mzito mwenye kitenge kipya, aliponyanyuka kumsaidia Kabula kutoa soda. Aliposhika friji alipiga ukelele, akarushwa nyuma, akakalia sufuria la wali. Baba mkubwa wa kijana akasema huo ni woga wa wanawake, akaenda kushika naye. Kofia kule, yeye huku.

Hapo mwenye akili angesema zimeni umeme. Mimi nikaona naaibishwa, nikasema kwa sauti, "Friji haina kitu hii, mnanivunjia heshima!" nikaikumbatia kwa mikono miwili. Sikusikia hata mtekenyo. (Nilikuwa na katambuga zangu za tairi miguuni; ndani mwangu sivui viatu, goti linakataa kuinama.) Wakanitazama. Wakatazamana. Shangazi, kitenge kimejaa wali, akasema polepole, "Inawapiga wageni. Mwenyewe haimgusi."

Nani huku kwetu hajui bibi kizee akishatamkiwa neno kama hilo analalaje? Kabula akampigia simu Doto huku analia, naye hakuwa mbali, akaja na pikipiki, akazima swichi kubwa, akakagua friji kwa nyuma: panya wametafuna waya, na kilichonikinga mimi ni mpira wa katambuga. "Lakini breka ilitakiwa ikate," akasema, akatoka kwenda nyuma ya nyumba, wote tunamfuata. Waya wa kijani unaning'inia hauna kitu.

"Bibi, nani ameng'oa?"

Nikasema wezi. Ulimi ulikimbia kabla yangu.

"Basi waitwe sungusungu sasa hivi," akasema baba mkubwa, "huyo mwizi nusura atuue."

Nikajua wakiitwa watatafuta mtu, na mtu atapatikana, na atapigwa kwa uongo wangu. "Hakuna mwizi," nikasema. "Iko zizini."

Wakaenda kuona. Maksai amelala anacheua, kamba yake kwenye shaba. Nikaeleza yote, mchwa, mahindi ya jirani, mkaguzi aliyeshapita, nikitegemea watacheka, maana uchawi umeshanitoka. Hakuna aliyecheka. Doto alisema tu, "Nilikukataza bibi. Leo ungewazika hawa."

Soda hazikunywewa. Baba mkubwa alivaa viatu vyake mlangoni taratibu, akaniambia kwa adabu yote, "Mayu, mchawi tungemtafutia mganga. Asiyesikia tumtafutie nini? Na binti amelelewa na wewe."

Hilo la mwisho ndilo lililoniua, kwa sababu Kabula ndiye msikivu kuliko watoto wote niliowalea, na kwa siku ile aliniomba jambo moja tu.

Migato hawajaleta neno mpaka leo. Kabula anapika, ananiwekea maji ya kuoga, ananiamkia kila asubuhi, halaumu, na ni heri angenilaumu. Nimeapa mbele yake kwamba alichoweka fundi atakigusa fundi, hata kama kinanikera macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa bibi," akaendelea kuosha vyombo. Kiapo ni kizuri, lakini hakimrudishii mtoto mchumba wake.