Mkono wa Eufrasia ndani ya Ojuela

Watu wa mji wa Mapimí wakimtaja Eufrasia Carreón, huanza na mikono yake. Mikono midogo kama ya mtoto wa shule, kwenye mwili wa mama wa nguvu, mwenye sauti ya kuita mbuzi akiwa ng'ambo ya pili ya bonde. Alizaliwa huko chini La Laguna, kwenye mashamba ya pamba, na mikono hiyo ndiyo iliyomlisha tangu utotoni. Mchumaji mbaya hulishika tumba la pamba kwa kiganja kizima, akatoka na damu. Eufrasia aliingiza vidole viwili tu, akavuta taratibu, pamba ikaja yote na miiba ya ganda haikumgusa.

Alipoolewa na Nabor Argumedo akapandishwa Mapimí, kwa watu wa mawe, mama mkwe wake alimshika mikono, akaigeuzageuza, akaguna.

"Mwanangu kaniletea mwanasesere. Mikono hii itabeba ndoo gani?"

"Itabeba ndoo ndogo, mama, ila itakwenda mara nyingi," Eufrasia akajibu. Mama mkwe, Doña Refugio, akacheka mpaka akakohoa, na kuanzia siku hiyo wakaelewana.

Wakati huo kampuni ilishauacha mgodi wa Ojuela zamani. Madini ya fedha na ya risasi yalikwisha, nyumba za kule juu zikabaki kuta bila paa, na kilichobaki kinaning'inia ni lile daraja la mbao na kamba za chuma juu ya korongo. Lakini mawe yalibaki. Na kwetu mawe ni shamba. Wanaume walivuka daraja na taa zao za kabaidi, zenye mwali wa moto, wakaingia kutafuta matundu ndani ya mwamba, maana humo ndimo vito huota kama maua ndani ya chungu. Wanawake tulibaki mjini tukisafisha, tukifunga kwa karatasi laini na magazeti, tukipanga kwenye makreti ya nyanya.

Ndani mwanamke haingii. Hiyo haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeuliza. Ilisemwa kwamba mwamba una wivu: ukimwona mwanamke huficha kila kitu, na ukikasirika sana hushuka. Sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, mwezi wa Mei, tulikwenda wote kuupamba msalaba wa mdomoni mwa mgodi kwa maua ya karatasi. Tuliwakabidhi wanaume vyakula, tukatazama lile giza, tukageuka. Eufrasia aligeuka kama wengine, lakini kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kugeuka.

Kwa sababu mawe alikuwa akiyapenda. Hakuyapenda kwa bei. Aliyapenda kama mtu anavyopenda kuku wake, kila mmoja kwa tabia yake. Aliijua adamita, ile ya kijani au manjano ya limau, ambayo ukiimulika kwa taa ya zambarau gizani huwaka kijani kama macho ya paka. Hiyo ilikuwa nyingi Ojuela, kila nyumba ilikuwa nayo dirishani. Na aliijua ndugu yake, legrandita, kwa kuisikia zaidi kuliko kuiona. Zote mbili zimezaliwa na zinki na aseniki, ile sumu ya panya, pale madini ya zamani yalipooza kwa maji na hewa. Lakini legrandita ina maji zaidi mwilini, na ni adimu, adimu mno. Huota kwenye mwamba wa kutu, sindano za manjano kali kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, zimetawanyika kutoka shina moja kama miale. Na ni dhaifu. Kilichokuwa kikifika mezani kwake kilikuwa vipande, sindano zilizokatika na miale iliyong'oka. Nzima, kwenye mwamba wake, hakuwahi kuiona.

Moja ilifika nyumbani kabla hajaolewa, na hiyo ilimalizwa na Doña Refugio mwenyewe. Marehemu mumewe aliileta ikiwa na ukoko mweupe wa chokaa, naye akaitia kwenye asidi ya kusafishia choo, kama alivyosafisha mawe yote ya mji. Kulipokucha ukoko ulikuwa umeondoka, na legrandita nayo imeondoka. Ndani ya beseni limebaki jiwe la kahawia lenye upara. Mji mzima ulimtania miaka na miaka: "Doña Refugio, supu yako ya mwaka ule, ilikuwa na chumvi?"

Basi siku moja, jua la mchana likiwa kichwani, Eufrasia anakanda unga wa mikate ya mahindi, akasikia gari la Nabor. Wachimbaji hawarudi saa hizo ila kuna maiti. Alitoka mbio na unga mikononi.

Nabor aliteremka mwekundu kwa vumbi la kutu, mzima. Alimpa kiberiti. Eufrasia akakisukuma kwa kidole, akaona: badala ya njiti, sindano za manjano, nyembamba, zinazong'aa.

"Hii si adamita," akasema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Usiseme hivyo kwanza. Chukua taa."

Taa ya zambarau, waliyoachiwa na mnunuzi mmoja, ilihitaji giza. Na mchana ule giza lilikuwa mahali pamoja tu. Wakaingia kitandani, wakajifunika blanketi gubigubi. Doña Refugio akapita na ufagio, akasimama mlangoni.

"Mchana kweupe! Hamna haya?"

"Mama, tunatazama jiwe!"

"Siku zetu tulikuwa tunasema tunatafuta hereni."

Chini ya blanketi taa iliwaka, vidole vyao vikawa zambarau, na zile sindano zilikaa kimya. Hazikuwaka. Hata cheche. Eufrasia akafunua blanketi, nywele zimemsimama.

"Haiwaki! Nabor, haiwaki! Ni yenyewe!"

"Chencho alimulika mule tunduni kwa taa yake ndogo ya zambarau, akasema kwa kuwa haiwaki basi imekufa, ni kutu tu." Nabor alianza kucheka. Chencho ni mdogo wake, mwenye misuli na haraka. "Ipo nzima, mke wangu. Imening'inia kwenye dari ya tundu, kama jua limepigwa msumari. Hizi ni za pembeni yake tu. Lakini mlango wa tundu ni mwembamba, mkono wangu unakwama kifundoni. Wa Chencho ndiyo usiseme."

"Panueni kwa patasi."

"Nimegonga mara moja tu, hizo ndizo zilizodondoka. Sasa Chencho amekwenda kutafuta baruti, kipande kidogo, anasema atafungua mlango tu, tuone kama nyuma ya hiyo kutu kuna adamita."

Eufrasia alimtazama. Baruti! Kitu kinachodondoka kwa kugongwa, unakipigia baruti! Alinyoosha mikono yake mbele ya uso wa mumewe, yenye unga mpaka kwenye viwiko.

Nabor alielewa. Aliangalia mlango, aliangalia dari, aliangalia mama yake.

"Watasema nimeua mgodi," akanong'ona.

"Ikivunjika watasema ni mwanamke," Eufrasia akasema. "Najua. Watalisema mpaka wajukuu zetu. Hakuna mwanamke atakayetia hata kichwa mle ndani tena. Basi haitavunjika. Twende kabla ndugu yako hajaifanya unga."

Doña Refugio alikuwa bado ameshika ufagio. Wote wawili walimngoja. Yule bibi alivua shali yake nyeusi begani, akamtupia mkwewe.

"Vaa, kule ndani kuna baridi. Na ukirudi unawe mikono kabla ya kula, humo mna sumu ya panya. Na asidi," akaongeza akiinua kidole, "asidi, hata tone!"

Eufrasia alichomoa pamba yote ya mto mmoja, akaijaza kwenye mfuko, wakaondoka.

Darajani alitembea akitazama mgongo wa Nabor. Mdomoni mwa mgodi, kwenye msalaba wenye maua ya karatasi yaliyopauka, alijipigia ishara ya msalaba haraka, na mguu ulioshazoea kugeuka ukakataa kugeuka. Ndani palinuka vumbi na kutu. Alitaka kuona kila kitu kwa pamoja. Aligusa kuta kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayesalimia.

"Mbona unatabasamu?" Nabor akauliza.

"Nimengoja muda mrefu kuliko wewe."

Tundu lilikuwa usawa wa kifua. Nabor akasogeza taa, Eufrasia akaweka jicho. Ilikuwepo! Manjano ya wazi kabisa, miale imejitandaza kama mkia wa tausi, na mwanga wa taa unakimbia ndani ya kila sindano hadi ncha. Alitoa jicho, akamwangalia mumewe, akarudisha jicho. Alitaka kupiga kelele akajizuia, asije akaidondosha kwa sauti.

Kwanza aliingiza pindo la shali, akalitandaza chini ndani kwa ncha za vidole. Halafu pamba, kidogo kidogo, akajenga kitanda mpaka karibu na zile ncha. Kisha mkono wenyewe. Kifundo kiligusa mwamba pande zote, kikapita. Hapo taa haikusaidia tena kitu, maana mkono wake mwenyewe umeziba mlango. Alifumba macho. Vidole vilipita pembeni mwa miiba, mbali na ncha, vikatafuta nyuma, kwenye shina, kama anavyotafuta pamba ilipojishikiza ndani ya tumba. Kutu ya huko ilikuwa laini. Kwa spoku ya baiskeli aliyoingia nayo kiganjani alianza kuikwangua, chembe kwa chembe.

Jasho likamwingia machoni. Nabor alilifuta kwa kofia yake.

"Vipi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu."

"Unauliza na miguu, acha kutikisa miguu!"

Ndipo viatu vikasikika vinakuja, na sauti ya Chencho kabla yake mwenyewe: "Kaka, nimepata! Kipande safi, na utambi!" Akatokea kwenye kona, akaona sketi. Alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Shemeji? Shemeji! Mama yangu wee, mwanamke ndani ya mgodi! Kaka, umerogwa? Mwamba utatushukia wote!"

"Ukishuka utakuwa ni kwa kelele zako," Eufrasia akasema bila kufumbua macho. "Shemeji, weka hicho kidude chini, mbali na taa. Halafu shika pumzi."

"Nishike pumzi?"

"Ndiyo. Wewe ndiye upepo pekee humu."

Chencho alitazama utambi mkononi mwake, akatazama taa ya kaka yake, akaenda kukiweka nyuma ya kona. Aliporudi alirudi kwa vidole vya miguu.

Jiwe likaachia. Eufrasia alisikia uzito mdogo ukimwangukia vidoleni, uzito wa yai, akauteremsha kwenye pamba. Akafunika pamba nyingine juu yake. Lakini mkono na jiwe havikupita mlangoni kwa pamoja. Alijaribu mara moja, akahisi ncha moja inagusa mwamba, akaacha pale pale.

"Liachie," Nabor akanong'ona. "Toa mkono kwanza."

Aliutoa mkono mtupu, umechubuka, una damu kifundoni. Akashika mapindo ya shali. Akavuta. Shali ikaja kidogo, ikagoma. Chencho aliuma kofia yake. Eufrasia hakuvuta kwa nguvu. Alilegeza, akaigeuza upande, akavuta tena, na kile kifurushi cha pamba kikapita kooni mwa mwamba kama mtoto anavyozaliwa, akakipokea kifuani.

Hakuna aliyefunua. Hakuna aliyethubutu. Walitoka hivyo hivyo, Eufrasia katikati, na darajani aliwaamuru watembee kwa zamu ili mbao zisichezecheze. Ng'ambo, kundi la wachimbaji wengine lilikuwa limekaa kivulini likila. Wakaona sketi inatoka Ojuela. Mmoja akasimama na mkate mdomoni.

"Nabor! Siku hizi unapeleka mke kazini, wewe utabaki kupika?"

"Kesho mtaona," mwingine akadakia, "mwamba hautatupa hata chumvi!"

Eufrasia alifika kwao, akapiga magoti juani, akafunua pamba. Jua liliiangukia, na mbele ya macho yao ikawaka manjano, nzima, kila mwale mahali pake, na kipande cha mwamba wa kahawia chini kama mkono ulioishika. Yule wa mkate aliutoa mkate mdomoni. Mzee mmoja alisogea, akaangalia, akaangalia mkono wa Eufrasia wenye damu, akasema polepole, "Mama, mimi nina tundu kule ngazi za chini. Mlango wake mwembamba pia." Chencho akajibu haraka, kifua mbele, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu asubuhi: "Mtapanga foleni. Huyu ni shemeji yangu."

Nabor na mkewe waliondoka, wakamwacha Chencho kwenye kelele za foleni nyuma yao. Ndani ya gari Eufrasia, shali imerudi begani, alikumbatia kifurushi cha pamba, anacheka peke yake, hawezi kuacha. Chini ya mlima, Nabor akiwa anaanza kuimba, alimgusa goti.

"Simamisha gari."

"Jiwe limevunjika?"

"Zima moto, nikuambie. Nyuma yake, juu zaidi, vidole vyangu vimegusa nyingine. Kubwa kuliko hii."

Nabor aligeuka taratibu. "Mbona hukusema mle ndani?"

"Niseme? Mbele ya Chencho, na baruti iko nyuma ya kona?"

Alimwangalia mkewe, akaangalia barabara ya kushuka, akaangalia mlima. Halafu akaanza kuligeuza gari, na Eufrasia alikuwa ameshavua shali, anaikung'uta vumbi kwa ajili ya kazi.